Jinsi ya kutunga walzi ya telegrafu: kutoka neno moja la Morse hadi koda

Kwa Kiswahili kitenzi ni kimoja: unapiga simu, unapiga ngoma, unapiga kinanda. Simu ya kwanza waliyoijua wazee wa pwani haikuwa ya kusemea. Ilikuwa ya waya, na karani wake alikuwa akipiga kweli, kwa kidole, tak, tak-tak, juu ya kitufe cha chuma. Neno lenyewe limetoka Kiajemi, sim, yaani waya, na kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 bado zinaieleza simu kuwa ni telegrafu. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879 kutoka Aden, ukashuka Msumbiji hadi Durban.

Wakati huo Vienna walikuwa wamekwisha kuicheza telegrafu kwa miguu. Johann Strauss, yule mtoto aliyezaliwa 1825, si baba yake wa jina hilohilo, aliandika walzi, yaani dansi ya mapigo matatu, iitwayo Telegrafische Depeschen, Op. 195 (Op. ni namba ya kazi ya mtunzi), mwaka 1857. Miaka kumi baadaye akarudi palepale na Telegramme, Op. 318, mwaka uleule alioipa dunia walzi ya mto Danube. Mdogo wake Eduard naye, simu ya sauti ilipotoka, akaitungia polka, dansi ya mapigo mawili.

Mwongozo huu ni wa kutunga walzi ya namna hiyo wewe mwenyewe, kwa neno la Kiswahili. Nimeuandika nikimfikiria mtu anayepiga kinanda kanisani au gitaa nyumbani, anayesoma solfa, na ambaye hajawahi kutunga kitu. Ukiwa na jioni mbili, utafika.

Kwanza, jua jina lilikuwa na kazi gani

Msimu wa karnivali Vienna ulikuwa msimu wa dansi za vyama: mawakili na dansi yao, madaktari na yao, wanafunzi wa uhandisi na yao, waandishi wa habari na yao. Kila chama kilitaka walzi mpya, na jina liguse kazi ya wenyeji. Kwa chama cha waandishi, Concordia, Strauss alipeleka mwaka 1864 walzi ya Morgenblätter, yaani magazeti ya asubuhi. Kwa wanafunzi wa uhandisi, mwaka 1860, alipeleka Accelerationen, ambamo walzi ya kwanza inaanza polepole kama mashine inayowashwa, kisha inaongeza kasi hadi inazunguka sawasawa.

Itazame sana hiyo Accelerationen. Mashine imepewa ishara moja tu iliyo wazi, mwanzoni, na baada ya hapo watu wanacheza walzi. Strauss hakujaribu kuchora gurudumu, mkanda na mvuke katika kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo. Mtunzi mchanga akisikia neno telegrafu hujaza tak-tak mwanzo hadi mwisho, na wachezaji wanatoka nje kutafuta hewa. Chagua mahali pawili au patatu pa kupiga simu. Kwingine piga muziki.

Sikiliza kwa miguu kabla hujashika kalamu

Tafuta rekodi ya Op. 195 na ya Op. 318, zote zinapatikana bila shida mtandaoni, kisha simama. Usikae. Hesabu moja-mbili-tatu, ukikanyaga kwa uzito kwenye moja. Kama hesabu inakukimbia, imba kimoyomoyo wimbo wa kukata keki siku ya kuzaliwa. Huo nao ni wa mapigo matatu, na mwili wako tayari unaujua.

Sasa sikiliza mambo matatu. Umbo: utangulizi, ambao mara nyingi hata hauendi kwa mapigo matatu, kisha mlolongo wa walzi fupifupi, kwa kawaida tano kwa mtindo wa Strauss wa miaka hiyo, kila moja ikiwa na sehemu mbili, kisha koda, sehemu ya kufungia, inayorudisha tuni zilizokwisha kupita. Kasi: walzi ya Vienna katika mashindano ya dansi ya leo inakwenda vipimo 58 hadi 60 kwa dakika, karibu mapigo matatu kila sekunde. Walzi ya polepole ni nusu ya hapo.

Jambo la tatu ndilo gumu. Okestra za Vienna hazipigi moja-mbili-tatu kwa usawa wa saa ya ukutani. Pigo la pili linawahi kidogo, kama mtu aliyesukumwa mgongoni, halafu la tatu linakaa mahali pake. Kinanda chenye kitufe kilichoandikwa Waltz hakitakufanyia hivyo. Kitakupa mapigo yaliyokatwa kwa rula, na utajiuliza kwa nini walzi yako inanuka plastiki. Jifunze kuisindikiza kwa mkono: besi kwenye moja, akordi fupi kwenye mbili na tatu, ile ya pili ikiwahi unywele mmoja. Fanya hivyo dakika kumi kwa akordi ya Do peke yake hadi bega lilegee.

Chagua neno

Katika Morse, alfabeti ya telegrafu, kuna nukta na kistari. Urefu umepangwa hivi: nukta ni uniti moja, kistari ni uniti tatu, kimya kati ya alama za herufi moja ni uniti moja, na kimya kati ya herufi na herufi ni uniti tatu.

Umeiona? Kistari ni nukta tatu. Kipimo cha walzi ni mapigo matatu. Ukiamua kuwa nukta moja ni pigo moja, kistari kimoja kinajaza kipimo kizima. Kwa kasi ya Vienna utakuwa unatuma chini ya maneno manne kwa dakika, na karani wa zamani angesinzia, lakini mchezaji hana haraka ya habari.

Kuna tatizo, na ndilo linaloufanya mchezo huu uwe na utamu. Baada ya kistari lazima uniti moja ya kimya. Kwa hiyo kistari na kimya chake ni uniti nne, si tatu, na kistari kinachofuata hakiangukii kwenye pigo la kwanza. Kinaangukia la pili. Kinachofuata tena, la tatu. Tazama herufi O, vistari vitatu: cha kwanza kinaanza pigo la kwanza la kipimo cha kwanza, cha pili pigo la pili la kipimo cha pili, cha tatu pigo la tatu la kipimo cha tatu. Kinaisha kwenye pigo la pili la kipimo cha nne, na pigo moja linabaki kimya. Herufi moja, vipimo vinne kamili, na umepita mapigo yote matatu bila kupanga.

S, nukta tatu, ni tamu zaidi. Inagonga pigo la kwanza na la tatu la kipimo cha kwanza, kisha la pili la kipimo cha pili. Yaani katika mapigo sita umegonga la 1, la 3 na la 5. Sikio linasikia mbili-mbili huku besi inasema tatu-tatu. Wanamuziki wa Ulaya wanaiita hemiola na watunzi wa walzi wameitumia sana. Aliyekulia Mombasa na chakacha masikioni hatahitaji kuelezwa.

Neno ninalolitumia hapa ni SIMU: S nukta tatu, I nukta mbili, M vistari viwili, U nukta mbili na kistari. Ukitaka jina la mtu, fanya hesabu kwanza. A, N, S, I, O na T ni herufi zenye adabu, zinakaa vizuri ndani ya vipimo. J na Y zinakula vipimo vitano kila moja. Nilijaribu JUMA nikajaza vipimo 16 hadi ukingoni, bila nafasi hata ya kupumua.

Panga herufi kwenye vipimo

Chukua karatasi, chora visanduku 16. Kila kisanduku ni kipimo, kila kipimo mapigo matatu. Kanuni zangu ni mbili. Kila herufi ianze kwenye pigo la kwanza. Na kati ya herufi na herufi pawe na kipimo kimoja kitupu, ambacho usindikizaji unaendelea peke yake. Kimya hicho wakati mwingine kinazidi uniti tatu za kanuni, lakini hakizidi kiasi cha kumchanganya msomaji wa Morse, maana nafasi kati ya neno na neno ni uniti saba.

SIMU inatoka hivi:

Kipimo 1: gonga 1 na 3
Kipimo 2: gonga 2
Kipimo 3: kitupu
Kipimo 4: gonga 1 na 3
Kipimo 5: kitupu
Kipimo 6: nota ndefu, mapigo yote matatu
Kipimo 7: kimya kwenye 1, nota ndefu kuanzia 2
Kipimo 8: nota ileile inaishia kwenye 1, kisha kimya
Kipimo 9: kitupu
Kipimo 10: gonga 1 na 3
Kipimo 11: kimya kwenye 1, nota ndefu kuanzia 2
Kipimo 12: inaishia kwenye 1, kisha kimya

Vipimo 12. Sehemu moja ya walzi kwa kawaida ni vipimo 16. Zimebaki nne za kufungia, na hizo si za Morse. Hapo karani anakaa, mpiga fidla anasimama.

Kabla ya kuendelea, piga makofi mpangilio huu huku mguu ukikanyaga kila pigo la kwanza. Kipimo cha 7 kitakuangusha. Kimeangusha kila mtu niliyempa, nami wa kwanza. Dawa ni kusema neno mdomoni: kwenye pigo la kwanza la kipimo cha 7 sema "ngoja", halafu ndipo upige.

Weka nota

Karani wa telegrafu ana sauti moja tu, na ukiiacha hivyo utakuwa na mlio wa kengele ya mlango. Lazima nukta zipande na kushuka. Tumia Do ni C ili vidole visihangaike.

S: mi, so, kisha do ya juu. Zote zimo ndani ya akordi ya Do, hivyo hazigombani na besi. I ni S iliyokatwa mkia, basi ipe nota zilezile mbili za mwanzo: mi, so, halafu kimya. Msikilizaji aliyezoea kusikia tatu atangoja ile do ya juu, haitakuja, na huko kungoja ndiko telegrafu yenyewe. M: re ya juu kwa kipimo kizima, kisha ti. U inaanza tena mi, so, lakini kistari chake kiwe la.

Vipimo vinne vya kufunga: so mi so, fa re ti, hiyo ti ikiwa ya chini, do ndefu, do fupi kwenye pigo la kwanza, na kimya.

Akordi zake: Do kwa vipimo 1 hadi 4, So ya saba kwa 5 hadi 8, Do kwa 9 na 10, Fa kwa 11 na 12, Do kwa 13, So ya saba kwa 14, Do kwa 15 na 16. Kwa mpiga gitaa hiyo ni C, G7 na F, basi. Ile la ndefu juu ya akordi ya Fa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Usiiharakishe, ingawa mguu utakuomba.

Rudia sehemu yote mara mbili. Mara ya pili, kwenye vipimo vitupu vya 3, 5 na 9, weka jibu dogo la filimbi au la sauti ya juu ya kinanda, nota tatu zinazoshuka, kama mtu wa upande wa pili anayesema ujumbe umefika. Mara ya kwanza acha patupu. Ukijibu mapema mno, hakuna atakayejua kulikuwa na swali.

Sehemu ya pili, na walzi nyingine

Hapa usiguse Morse hata kidogo. Andika vipimo 16 vya nota zinazotembea jirani kwa jirani, bila kuruka, kwenye Do ni G. Vikiwa laini na vya kawaida, vizuri zaidi. Kazi yake ni kuifanya sehemu ya kwanza itamaniwe. Kisha rudi kwenye SIMU.

Walzi tano za Strauss ni nyingi kwa anayeanza. Mbili zinatosha, ya pili kwenye Do ni F, na kama una rafiki mtunzi mwachie yeye hiyo.

Utangulizi: hapa piga Morse ya kweli

Utangulizi hauchezwi, kwa hiyo una uhuru. Badili uwe wa mapigo manne, kasi ya mapigo 75 kwa dakika, na nukta iwe robo ya pigo. Sasa unatuma maneno sita kwa dakika, mwendo wa mwanafunzi wa telegrafu. Jumlisha neno SIMU kwa kanuni kamili: S uniti 5, I uniti 3, M uniti 7, U uniti 7, na kimya tatu za uniti 3 kati yake. Jumla 31. Vipimo viwili vya mapigo manne vina robo 32. Neno lote linakaa ndani ya vipimo viwili na robo moja ya pigo imebaki ya kuvutia pumzi. Nilipoiona hesabu hii nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Piga hivyo kwa sauti moja kavu: kijiko juu ya kikombe, ukucha juu ya ubao wa gitaa, chochote kisicho na mwangwi mrefu. Chini yake shikilia akordi ya So ya saba, kimya kimya, ikue polepole. Mara moja inatosha, mbili ikiwa wageni bado wanatafuta viti. Kisha kimya cha pigo zima, na besi ya walzi inaingia.

Vipimo hivi viwili ndivyo vinavyolipia jina la kazi yako.

Ipeleke kwenye sakafu

Usiimalize kabla ya kuwaona watu wawili wakiicheza. Hatua za msingi za walzi ya Vienna ni sita kwa vipimo viwili, tatu kwa kila nusu ya mzunguko. Wasipojua dansi, wayumbe tu kulia na kushoto, kila pigo la kwanza upande mmoja.

Tazama miguu, usitazame nyuso. Kwenye herufi S nyundo zako zinaanguka kwenye hatua ya kwanza, ya tatu na ya tano. Wakiyumba hapo, kosa si la nukta. Ni la besi isiyosikika. Mara ya kwanza nilipoisindikiza hii mbele ya watu, mkono wa kushoto uliufuata wa kulia, besi ikahamia kwenye mbili, na wachezaji wakasimama katikati ya ukumbi wakinitazama kama fundi aliyekata umeme. Mkono wa kulia ukipinda, wa kushoto uwe mkaidi.

Kama una programu ya kuandika nota, MuseScore kwa mfano, ambayo ni ya bure, andika humo baada ya jaribio hili, si kabla. Kompyuta haichoki kwenye kipimo cha 7 na itakudanganya kuwa kila kitu ni rahisi.

Koda

Rudisha sehemu ya kwanza mara moja, kisha vipande vya ile ya pili, kisha S peke yake ikirudiwa mara tatu au nne kwa sauti inayopanda, mi so do, fa la do, so ti re. Ongeza kasi kidogo tu.

Mwisho wa mwisho tumia ishara ya makarani ya kufunga ujumbe: nukta, kistari, nukta, kistari, nukta. Ipange kwa mapigo kama ulivyopanga neno. Nukta kwenye pigo la kwanza. Kistari kuanzia la tatu hadi la pili la kipimo kinachofuata. Nukta kwenye la kwanza la kipimo cha tatu. Kistari kuanzia la tatu lake hadi la pili la kipimo cha nne. Kisha pigo moja la kimya, na nukta ya mwisho inaanguka yenyewe, bila kusukumwa, kwenye pigo la kwanza la kipimo cha tano. Weka hapo akordi kamili ya Do, okestra yote kama unayo, na uinue mikono.